UZI: Ripoti ya MRA inasema ateri ya ubongo imebana. Kabla hujaanza kutafuta stenti, soma hapa

#1 Picha_Chanzo

Wanajamvi, salaam.

Haipiti muda mtu hajabandika hapa kipande cha ripoti, "ateri ya kati ya ubongo, upande wa kushoto, imebana sana", na chini yake watu wameshaanza kubishana kuhusu stenti, kile kibomba cha waya cha kupanua mshipa. Tuwe na uzi mmoja wa kuikagua ripoti yenyewe kwanza. Wenye fani karibuni, mnirekebishe nitakapoteleza.

Naanza na MRA, picha ya mishipa kwa mashine ya MRI, ya aina ya TOF (time-of-flight) kwa sababu haina mionzi, haina sindano, na ndiyo inayodanganya kwa adabu kuliko zote.

Shikeni hili moja: TOF haipigi picha ya mshipa. Inapiga picha ya damu inayoingia. Mashine inatwanga mawimbi ya redio mfululizo kwenye slabu ileile (kipande cha kichwa kinachopigwa) mpaka nyama iliyotulia inachoka na kufifia. Damu mbichi inayotoka nje ya slabu haijachoka, kwa hiyo inang'aa. Sasa ukiona giza kwenye M1, ile sehemu ya kwanza ya ateri ya kati, giza hilo linaweza kuwa na baba watatu. Huenda njia kweli imebana. Huenda damu inakwenda polepole mpaka nayo imechoka ikiwa bado ndani ya slabu. Au damu inazunguka na kuvurugika baada ya kona kali, chembe zake zinapoteana, signali inakufa. Hali mbili za mwisho hazihitaji mbano wowote. Zinapoungana na mbano wa kawaida wa 50%, picha inaonyesha pengo kabisa kana kwamba mshipa umekatwa.

Ndiyo maana pengo kwenye TOF halina asilimia. Ukiandika "90%" pale penye pengo umebuni namba.

Kuna utafiti wa SONIA wa mwaka 2007 uliolinganisha MRA na anjiografia ya katheta, yaani eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa kwa mrija. MRA iliposema hakuna mbano wa 50 mpaka 99%, ilikuwa sahihi kwa 91%. Iliposema upo, ilikuwa sahihi kwa 59% tu. Kwa hiyo MRA safi inakupa usingizi. MRA chafu inakupa kazi ya kufanya.

Vipimo vya mashine kwa wanaopiga: TR kati ya 20 na 25 ms, TE karibu 7 ms kwenye Tesla 1.5 na karibu 3.5 ms kwenye Tesla 3. Pembe ya nyuzi 18 hadi 20. Slabu tatu au nne zinazopandiana, si slabu moja nene. Slabu nene ndiyo inayozichosha ateri za juu. Mkanda wa kuzima vena uwekwe juu ya slabu na utembee nayo. Vokseli, kijisanduku kimoja cha picha, isizidi milimita 0.6 upande kwa upande.

Na tafadhali, msisome MIP peke yake, ile picha moja iliyokusanywa toka slaisi zote. MIP inachukua nukta ing'aayo zaidi kwenye kila mstari na kutupa zilizobaki. Kingo za mshipa zenye mng'ao hafifu zinamezwa na nyama ya nyuma, mshipa unakonda kwenye karatasi. Funguo iko kwenye slaisi za chanzo. Jina langu la humu halikuja bure.

---

#2 Intern_Mwaka1

Asante sana Dokta. Swali: hiyo 50% au 70% inapimwaje hasa? Kila mtu ana rula yake.

---

#3 RulaNaPikseli

@Intern_Mwaka1 rula ni moja kwa ateri za ndani ya fuvu, inaitwa njia ya WASID, toka utafiti wa mbano wa ateri hizo. Asilimia = (1 − kipenyo pale palipobana ÷ kipenyo cha kawaida) × 100.

Ugomvi uko kwenye "kipenyo cha kawaida". Kanuni yake:
- Chukua sehemu nzima ya ateri hiyohiyo kabla ya mbano, pale pana zaidi ambapo kuta zinakwenda sambamba, si kwenye kona.
- Kama kabla ya mbano nako pameharibika, chukua baada ya mbano.
- Kama ateri yote ni mbovu, rudi kwenye ateri inayoilisha.

Kwenye karotidi, ateri kubwa ya shingoni, tumezoea kulinganisha na sehemu ya mbele yenye afya, kwa njia ya NASCET. Usihamishe tabia hiyo ndani ya fuvu.

Mfano mmoja. M1 yenye kipenyo cha milimita 3.0, palipobana 0.9. Hesabu: 0.9 ÷ 3.0 = 0.3, kwa hiyo mbano ni 70%. Sasa kumbuka pikseli yako ni milimita 0.5. Kishale kikiteleza pikseli moja nje, unasoma 1.4 na jibu linakuwa 53%. Kikiteleza moja ndani, unasoma 0.4 na jibu linakuwa 87%. Mgonjwa yuleyule, mshipa uleule, na vidole vya msomaji vimemhamisha kutoka "wastani" hadi "karibu kuziba". Mtu akikuandikia 73% toka kwenye TOF, muulize hiyo 3 kaipata wapi.

Inayotosha kwenye ripoti ni makundi: chini ya 50, 50 hadi 69, 70 hadi 99, imeziba. Mstari wa 70 haukuchorwa hewani. Wagonjwa wa WASID waliokuwa na mbano kuanzia hapo ndio waliopata kiharusi kingine zaidi kwenye eneo la mshipa huo.

---

#4 Zamu_ya_Usiku

Niongeze upande wa CTA, picha ya mishipa kwa CT na kontrasti (dawa ya kung'arisha damu), maana ndiyo inayomaliza ubishi wa TOF mara nyingi. Kwenye ulinganisho uliochapishwa 2005, CTA iliona mbano wa ndani ya fuvu kwa 98%, MRA kwa 70%, kipimo cha kulinganishia kikiwa anjiografia ya katheta. Lakini hiyo ni CTA iliyopigwa vizuri. Iliyopigwa vibaya ni hasara ya figo na mionzi.

Mambo ya mezani:

Kanula ya kijani, au ya pinki kama mishipa ni migumu, kwenye kiwiko cha mkono wa KULIA. Ya bluu usijaribu, haitapitisha kasi hiyo. Mkono wa kushoto una tatizo lake: vena yake inavuka kifua mbele ya ateri kubwa, na kwa wazee wengi inabanwa pale. Kontrasti inarudi juu kwenye vena za shingo, na picha ya chini inakuwa na michirizi mitupu.

Kontrasti ya 350 mg za iodini kwa ml, jumla ml 60 hadi 70, kasi ml 4 hadi 5 kwa sekunde, ikisukumwa na salaini ml 40 kwa kasi ileile. Salaini watu wanairuka. Bila hiyo, sehemu ya mwisho ya dawa inabaki mkononi.

Usikisie muda. Weka duara la kufuatilia kwenye upinde wa aota, skani ianze mng'ao wa dawa ukifika 100 HU, kutoka chini kwenda juu. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu dawa inachelewa, na ukitumia muda wa kukariri unapiga mishipa mitupu. Ukichelewa nako ni shida: karotidi inapita katikati ya ziwa la vena kando ya tezi ya pituitari, na ziwa hilo likishajaa dawa huwezi kutenganisha kipi ni ateri na kipi ni vena. Namna ya kujikagua: angalia vena kubwa za nyuma ya kichwa. Zikiwa zinang'aa sawasawa na ateri, umechelewa.

Slaisi ya milimita 0.5 au 0.625. Ukitunza za milimita 3 peke yake, M1 nzima inaingia kwenye slaisi moja. Utapima nini hapo?

La mwisho: ukiona ateri imeziba kabisa kwenye skani ya kwanza, piga ya pili baada ya sekunde 8 bila kuongeza dawa. Mbano mkali unaopitisha damu kidogo unaonekana umeziba kwenye skani ya mapema, halafu kwenye ya pili unaona uzi mwembamba wa dawa umepita. Tofauti ya "imeziba" na "99%" ni tofauti ya matibabu.

---

#5 Intern_Mwaka1

Na kreatinini, kipimo cha figo? Pale kwetu mgonjwa anakaa siku mbili akisubiri majibu.

---

#6 Zamu_ya_Usiku

Kwa kiharusi kinachoendelea sasa hivi, usisubiri. Kwa uchunguzi wa kupanga, pima. eGFR (kiwango cha figo kuchuja) chini ya 30 ndipo unapokaa na daktari kupima faida na hasara, na kumpa maji ya mshipa kama moyo unaruhusu. Metformini kwa mtu wa eGFR chini ya 30, au ambaye figo zimepata jeraha la ghafla, inasimamishwa saa 48 na kurudishwa figo zikithibitika ziko salama. Mwenye figo nzima haachi dozi.

---

#7 Mzee_wa_Konsoli

Mmesahau chokaa. Karotidi ya mzee mwenye kisukari ndani ya fuvu mara nyingi imevaa chokaa, na kwenye CTA chokaa kinafura kuliko ukubwa wake kwa sababu mng'ao unamwagikia vokseli jirani. Mbano wa 40% unasomeka 80%. Tandaza dirisha: upana 800, kati 250 au zaidi, utaona chokaa kinajitenga na dawa. Programu za kuondoa mifupa nazo zinakata ukuta wa karotidi pale inapopenya kwenye mfupa wa sikio, halafu mtu anaripoti "mbano". Rudi kwenye slaisi zenye mfupa.

Penye chokaa, TOF ina faida maana chokaa hakiiingilii kwa kiasi hicho. TOF na CTA zinaongopa kwa sababu tofauti. Zikikubaliana, amini.

---

#8 Kliniki_Selimundu

Nyote mmezungumzia watu wazima wenye mafuta kwenye mishipa. Kanda yetu ina kundi jingine kubwa: watoto wa selimundu. Karotidi ya juu na M1 zinabana wakiwa bado wanasoma chekechea. Kwao kipimo cha kwanza ni dopla ya kupitia fuvu, TCD. Ni mashine ndogo, haina mionzi, na ina ushahidi mzito kuliko chochote mlichotaja.

Utafiti wa STOP wa mwaka 1998: watoto 130 ambao kasi ya damu ilikuwa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Waliowekewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi ilishuka kwa 92%. Tiba ya kuongezewa damu kila mwezi kwetu ni ngumu, kwa hiyo dawa ya haidroksiyurea imechukua nafasi. Pale Bugando, Mwanza, utafiti wa SPHERE umekuwa ukipima watoto kwa TCD na kuwaanzishia haidroksiyurea wenye kasi ya juu.

Namna ya kupima ili namba iwe na maana:

Mtoto awe macho, ametulia, hana homa, hajaongezewa damu karibuni. Akilala, hewa chafu inapanda kwenye damu na kasi inapanda. Akilia na kuhema haraka, inashuka. Katuni kwenye simu ya mama inatosha, ila asicheke sana.

Probu ya MHz 2, jeli ya kutosha, weka kwenye panja juu ya mfupa wa shavu, mbele kidogo ya sikio. Anza kina cha mm 50. Mawimbi yanayokuja kwako ndiyo MCA, ateri ya kati. Rudi nje hadi karibu mm 36, kisha ingia ndani mm 2 kwa mm 2, ukisimama kila hatua kupindisha probu kidogo mpaka upate sauti kali zaidi. Ukifika pale mawimbi yanapokuja na kuondoka kwa pamoja, hapo ndipo karotidi inapogawanyika. Andika namba ya juu kabisa ya kila kina, kulia na kushoto. Usirekebishe pembe.

Matokeo: chini ya 170 kawaida, 170 hadi 199 njia panda, rudia, 200 na zaidi si salama, rudia ndani ya wiki chache kuthibitisha na usisubiri kuongea na wazazi.

Sasa kosa lenyewe. Hiyo 200 ni WASTANI wa kilele katika mpigo mzima wa moyo. Si ncha ya juu ya wimbi. Mtoto mwenye ncha 250 na mwisho wa mpigo 110: (250 + 110 + 110) ÷ 3 = 157. Huyo ni kawaida. Ukisoma 250 kwenye skrini ukaandika "si salama", umemhukumu mtoto damu za miaka mingi kwa kosa la kusoma mstari.

Na kinyume chake: kasi iliyo chini sana upande mmoja, au MCA isiyopatikana wakati dirisha liko wazi, si habari njema. Mshipa uliobana kupita kiasi haupitishi damu ya kutosha kufanya kelele. Huyo aende MRA.

---

#9 RulaNaPikseli

@Kliniki_Selimundu nakuunga mkono, ila kuna jambo umeliacha. Vituo vingi havina TCD kavu, wanatumia altrasaundi ya kawaida yenye rangi na probu ya moyo. Kwa mashine hizo kasi inasomeka chini kidogo kwa mtoto yuleyule, karibu 10 hadi 15%. Wengi wanashusha mstari hadi 185. Aliyetumia mashine ya rangi na mstari wa 200 anaruhusu watoto warudi nyumbani na hatari yao.

---

#10 Kliniki_Selimundu

Kweli kabisa, nilipaswa kusema. Ripoti itaje aina ya mashine, la sivyo namba haina mwenyewe.

Kwa watu wazima TCD ina sura nyingine. SONIA iliweka MCA wastani wa 100 kwa mbano wa 50% na kuendelea, basila (ateri ya shina la ubongo) 80, na ilipokuta "mbano" ilikuwa sahihi kwa 36% tu. Anemia, homa, na damu inayosaidia upande mwingine zote zinapandisha kasi. Halafu kuna mafuvu yasiyopitisha sauti kwenye panja, hasa akina mama wazee. Usipoteze asubuhi nzima kumkandamiza bibi probu.

---

#11 Ukuta_Sio_Tundu

Naomba niingie na kipimo ninachoona hakitumiki inavyostahili. Vyote mlivyotaja vinaonyesha tundu. Tundu limebana, sawa, lakini KWA NINI? Mafuta, uvimbe wa ukuta, mchaniko, au misuli ya mshipa imejikaza? Kwenye MIP hayo manne yanaweza kufanana kama mayai.

MRI ya ukuta wa mshipa inazima damu iwe nyeusi, ukuta unabaki unaonekana. Ni picha ya T1 ya pande tatu, vokseli karibu milimita 0.5 kila upande, dakika 7 hadi 10 kila moja, inapigwa kabla ya gadoliniamu, kontrasti ya MRI, na tena kama dakika 5 baada yake. Dozi ni ya kawaida, 0.1 mmol kwa kilo. Tesla 3 inapendekezwa. Kwenye 1.5 inawezekana kwa karotidi ya juu, M1 na basila, mbele ya hapo usijisumbue. Chama cha wataalamu wa radiolojia ya neva cha Marekani kilitoa mapendekezo yake 2017, na kwa sehemu kubwa bado ndiyo tunayofuata.

Unavyosoma: usiangalie kwenye mlalo wa kawaida. Geuza picha mpaka ukate mshipa kama unavyokata muhogo, uone duara.

Ukuta umenenepa upande mmoja, upande wa pili mzima: fikiria plaki ya mafuta. Ikishika gadoliniamu kwa nguvu kwenye eneo la kiharusi kipya, huenda ndiyo mkosaji. Doa jeupe la T1 kabla ya dawa ni damu ndani ya plaki.

Umenenepa pande zote sawasawa na unawaka (unashika gadoliniamu) pande zote: uvimbe wa mshipa, au maambukizi.

Umenenepa kidogo, hauwaki au unawaka kwa shida, mgonjwa alikuja na kichwa cha ghafla kama radi: mshipa umejikaza. Rudia picha baada ya miezi mitatu, tundu litakuwa limefunguka.

Mwezi mweupe ukutani na utando unaogawa tundu mbili: mchaniko.

Mshipa umesinyaa wote kwa nje pia, na vijishipa vingi vidogo chini yake: moyamoya. Wajapani waliuita hivyo kwa sababu unafanana na moshi unaopulizwa. Watoto wa selimundu niliosoma hapo juu wanaishia huku.

Mitego: damu inayokwenda polepole haizimiki vizuri na inajifanya ukuta unaowaka. Vena inayolala kando ya M1 inawaka kihalali, fuata kwenye CTA ujue ni vena. Mshipa uliovutwa donge kwa katheta unawaka kwa sababu umekwaruzwa. Karotidi na ateri za uti wa mgongo pale zinapoingia fuvu zina vijishipa vyao ukutani, zinawaka kwa wazee bila ugonjwa.

Na sponji za kubana kichwa. Dakika 10 mgonjwa akimeza mate mara tatu kwa kutikisa kidevu, milimita 0.5 imekwenda na maji.

---

#12 Wodi_ya_Neuro_Pwani

@Ukuta_Sio_Tundu hiyo sehemu ya "uvimbe au maambukizi" nataka niitandaze, kwa sababu vitabu vingi vinaandikwa kwa wazee wenye lehemu.

Kijana wa miaka 28, hana presha, hana kisukari, M1 mbili zimebana pamoja na karotidi za juu. Kabla hujasema plaki, uliza: VVU, kifua kikuu, kaswende, tetekuwanga au mkanda wa jeshi wa karibuni. Kifua kikuu cha utando wa ubongo kinamwaga usaha mzito chini ya ubongo, na ateri za duara la chini zinapita humohumo. Zinabanwa kutoka nje na kuvimba kutoka ndani. Kwenye MRI tafuta utando wa chini ya ubongo unaowaka, vyumba vya maji vilivyotanuka, na viharusi vidogo kwenye kiini cha ubongo: kichwa cha kaudeti, mbele ya thalamasi na goti la kapsuli ya ndani. Eneo hilo ni sahihi ya kifua kikuu, ingawa si muhuri.

Huyu anahitaji kupimwa maji ya uti wa mgongo kuliko anavyohitaji katheta. Kama picha ya ukuta ipo karibu, ipigwe kabla ya steroidi, maana steroidi zinazima ule mwako. Ila tiba isicheleweshwe kwa ajili ya foleni ya mashine.

---

#13 Safari_Bombay

Wakuu, mmeongea kitaalamu sana. Sisi tunaopeleka wagonjwa India tunataka jibu fupi: ikithibitika 70% na kuendelea, stenti ndiyo au siyo?

---

#14 Picha_Chanzo

Mkuu, jibu fupi: si kwanza.

Utafiti wa SAMMPRIS, 2011, Marekani, wagonjwa 451 wenye mbano wa 70 hadi 99% na kiharusi au dalili za kupita za karibuni. Ndani ya siku 30, kiharusi au kifo vilikuwa 14.7% kwa waliowekewa stenti na 5.8% kwa dawa peke yake. Uandikishaji ulisimamishwa. Dawa zenyewe si za ajabu: aspirini mg 325 kila siku, klopidogreli mg 75 kwa siku 90, lehemu mbaya chini ya mg 70, presha ya juu chini ya 140. Sababu ya stenti kushindwa inaonekana kwenye picha: M1 inatoa vijishipa vidogo vinavyolisha kiini cha ubongo, na stenti inasukuma plaki kwenye midomo yao.

Mwaka 2012 Marekani ilibana matumizi ya stenti ile kwa wenye mbano wa 70 hadi 99% waliopata viharusi viwili au zaidi wakiwa kwenye dawa kamili. CASSISS ya China, 2022, ilichagua wagonjwa kwa makini zaidi na bado haikuona tofauti.

Haki itendeke: BASIS, nayo ya China, 2024, wagonjwa 501, ilitumia puto peke yake, dogo kuliko mshipa, linalofunguliwa polepole. Matukio mabaya yalikuwa 4.4% kwa puto dhidi ya 13.5% kwa dawa peke yake. Ni habari ya kusisimua, ila ni mikono iliyozoea na vituo vinavyofanya kazi hiyo kila siku. Muulize anayekualika amefanya mangapi.

Kabla ya tiketi: je, mgonjwa amekunywa dawa hizo kweli kwa miezi mitatu, au aliacha klopidogreli ilipoisha?

---

#15 Wodi_ya_Neuro_Pwani

Na kabla ya kuongelea puto, tazameni kiharusi kilitokeaje. DWI, picha ya MRI inayoonyesha kiharusi kipya, inasema. Vidoa vilivyotawanyika mbele ya mbano: vipande vya donge vinameguka, dawa kama aspirini na klopidogreli zina kazi. Mstari wa vidoa kama shanga kwenye mpaka wa maeneo mawili ya ateri: damu haifiki, presha ikishuka anaumia. Doa moja kwenye kiini karibu na M1: plaki imefunika mdomo wa kijishipa. FLAIR, picha nyingine ya MRI, ikionyesha mishipa myeupe juu ya ubongo, damu inapita polepole kwa njia za pembeni.

Aina ya pili ndiyo isiyotakiwa kushushwa presha kwa pupa.

Kwa basila na ateri za uti wa mgongo, MRI inayopima ujazo wa damu kwa dakika ina uzito. Utafiti wa VERiTAS ulifuatilia wagonjwa 72. Wenye mtiririko mdogo, 78% walifika mwaka bila kiharusi, wenye mtiririko wa kutosha 96%.

---

#16 Mzee_wa_Konsoli

Anjiografia ya katheta hamjaiheshimu. Egas Moniz aliianza Lisbon 1927 na mpaka leo hakuna kilichoipita kwa kuona njia za pembeni, maana unaona damu ikitembea sekunde kwa sekunde. Ila ina hatari ya kiharusi, ndogo lakini ya kweli, kwa hiyo iende kwa mtu ambaye jibu lake litabadilisha tiba. Karotidi ya ndani ml 6 hadi 8, ateri ya uti wa mgongo ml 6 kwa ml 4 kwa sekunde. Na msikatishe picha mapema: ukiacha kabla ya vena kujaa, njia za pembeni hazijafika na utaziita hazipo.

---

#17 Intern_Mwaka1

Nimeelewa mpangilio. Sasa fomu ya kuombea picha niandike nini? Tunaandika "kiharusi, tafadhali fanya MRA" na basi.

---

#18 Picha_Chanzo

Andika hivi, inachukua mistari minne:

"Mwanamke miaka 54, presha na kisukari. Mkono wa kulia ulilegea mara tatu ndani ya wiki, dakika 10 kila mara, akisimama. TOF imeonyesha pengo M1 kushoto. Swali: kweli imebana, kundi gani, na njia za pembeni zikoje? eGFR 68. Naomba CTA kuanzia upinde wa aota hadi utosini, na skani ya pili ikiwa imeonekana kuziba."

Neno "akisimama" peke yake linamwambia msomaji atafute mpaka wa maeneo. "Kushoto" inamfanya asipoteze dakika kwenye kulia. Namba ya figo inamwondolea mteknolojia sababu ya kurudisha fomu.

Na CD. Omba CD yenye slaisi zote za DICOM (faili halisi za mashine), si karatasi ya filamu yenye MIP kumi na mbili, na si picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani ikatumwa WhatsApp. Kwenye hiyo ya simu pikseli moja ni kivuli cha pazia.